Kungoja Sili Ipoe

Vedasto ni fundi wa pampu za maji, ana kibanda chake Cheyo, mjini Tabora, na kwa ubishi hana mwenzake. Mwambie sili imenyooka, atakuuliza umeona kwa macho ya nani. Sili ni kile kipande cha chuma cha mviringo kinachozuia maji yasivuje pale shafti, ule mhimili unaozunguka, inapoingia kwenye pampu. Uso wake ukiwa na mwinuko mdogo tu, mdogo kuliko unene wa unywele kwa mbali sana, maji yatapita.

Kuupima uso huo, huweka juu yake kioo kinene kilichosuguliwa kikawa bapa kabisa, akawasha taa ya njano. Mwanga unaorudishwa na kioo hukutana na ule unaorudishwa na chuma, ikatokea mistari myeusi. Mistari ikinyooka, uso umenyooka. Ikipinda, rudi ukasage.

Kioo chenyewe ni cha Levina, aliyesoma naye ufundi, wakafanya kazi pamoja kibandani humo mpaka binti wa watu alipopata ajira mgodini, Geita. Alikiacha, akasema atakifuata siku moja. Tangu hapo Vedasto hukifuta kila asubuhi, hata kama hakuna kazi. Kumpenda alimpenda, kusema ndiko kulimshinda. Mbishi mzima yule, kwa neno moja tu akawa bubu!

Jumamosi iliyopita Levina alikuja.

"Nimefuata kioo changu," alisema hata kabla hajakaa. "Wamenipa karakana niisimamie mwenyewe. Sidhani kama nitarudi tena huku."

"Ngoja kwanza nimalize sili ya kijiji cha Puge. Kisima chao kimesimama, watu wanachota dimbwini."

Wakaweka kioo. Mistari ikapinda.

"Umeishika mno," Levina akacheka. "Ina joto la mkono wako. Bado hujaacha tu?"

Chuma kikipata joto hutuna, na hapo fundi hana ujanja ila kukaa na kungoja kipoe. Wakakaa kwenye benchi moja, wakikumbushana walimu wao wa chuo na vituko vyao. Vedasto aliomba moyoni chuma kile kisipoe kamwe.

Lakini mistari ilianza kunyooka. Levina alipogeuka kuchukua mkoba wake, Vedasto akainua kioo, akaikandamiza sili kwa kiganja, akaifuta upesi na kurudisha kioo juu yake. Mistari ikapinda tena.

Levina akaitazama, kisha akamtazama yeye. Safari hii hakucheka.

"Vedasto, siku ile naondoka, pale stendi, nilikutolea mkono dirishani mwa basi. Wewe ukashika bomba la dirisha. Ungeushika mkono wangu, ningeshuka."

"Levina, usiende."

Neno lilitoka hivyo, bila kupangwa.

"Mahari yangu imeshapokelewa nyumbani," akajibu kwa upole.

Hata hivyo alikaa tena kwenye benchi, kwa kuwa watu wa Puge walihitaji maji na kazi haiachwi nusu. Wakangoja. Sili ilipopoa, mistari ilinyooka. Levina akakifunga kioo kwenye khanga, akaaga. Vedasto alimsindikiza mpaka mlangoni. Stendi hakuweza kwenda.