Bibi Mwaija na Kinywa cha Panya wa Mwenyekiti

Kila asubuhi, kabla hajafungua mlango wa zahanati, Bibi Mwaija alichovya vidole viwili kwenye chai: kidole gumba na cha shahada, vya mkono wa kulia. Chai ya kunywa ilikuwa kwenye kikombe kingine. Hii ilikuwa ya vidole. Alisema kidole cha baridi kikimgusa mtoto puani, mtoto anakaza meno, na akishakaza meno hata ukimwita baba yake hafungui. Basi vidole vilikaa kwenye chai mpaka vipate moto, ndipo akavifuta kwa kanga, akavaa koti lake jeupe, akafungua.

Hakuwa mganga wala nesi. Mganga alikuja Jumanne na Ijumaa kwa baiskeli. Yeye alikuwa mhudumu, wa kufagia, kuchemsha sindano na kunywesha watoto dawa. Kufagia kila mtu anajua. Hiyo ya kunywesha ndiyo iliyompa jina kijiji kizima cha Sindeni. Klorokwini ya maji ni chungu kuliko nyongo, na watoto wa huko walikuwa wanaitema mpaka kwenye ushungi wa mama zao. Kwa Bibi Mwaija hakutema mtu. Mtoto analazwa mapajani, miguu inabanwa, pua inabanwa, kijiko kinaingia pembeni ya mdomo, halafu anapulizwa usoni, puu! Mtoto anashtuka, anameza. Imekwisha. Walikuwepo wanaume wazima wenye ndevu waliokuwa wakimwona njiani wanajishika pua.

Mwaka huo wa sabini na tano kijiji kilikuwa bado kipya. Watu walikuwa wametolewa huko walikotawanyika, wakapangwa nyumba mstari mmoja, na kila mtu alikuwa bado anajifunza jirani yake anakoroma vipi. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Muhidini, alipokuwa anachimba msingi wa nyumba yake mpya alikuta kitoto cha panya buku, macho hayajafunguka. Watoto wake mwenyewe walikuwa wameshahamia Hale kwenye kazi za umeme, mke alishafariki. Akakilea kile kitoto kwa maziwa ya mbuzi. Kikakua kikawa kama paka, mkia mrefu ncha nyeupe, na mashavuni kina mifuko ya kuwekea vitu kama alivyo panya buku yeyote. Akakiita Karani, kwa sababu kila kitu kilichoanguka chini ofisini kilikichukua na kwenda kukihifadhi.

Karani akaugua. Akakohoa, pua ikatoka maji, chakula akakikataa. Bwana mifugo, aliyekuwa amekuja kuchanja ng'ombe wa mfugaji Moringe, akamtazama akacheka, kisha alipoona Mwenyekiti hacheki akatoa kichupa cha dawa ya maji. "Kijiko kidogo asubuhi na jioni, siku tatu. Asipokunywa, mzee, wiki haimalizi."

Mwenyekiti alijaribu peke yake. Kesho yake akafika zahanati na kidole kimefungwa kitambaa, kikapu mkononi.

"Bibi Mwaija, nisaidie. Huyu ndiye niliyebaki naye nyumbani."

Siku hiyo kina mama walikuwa foleni, na Hamisa, jirani wa Bibi Mwaija, alikuwa mbele na mwanawe mgongoni. Hamisa mdomo wake haukujua Ijumaa wala sikukuu.

"Hapo Bibi umepatikana! Watoto wetu unawaweza kwa kuwa meno yao ya maziwa. Huyo umeyaona ya kwake? Ya rangi ya chungwa, kama patasi iliyopata kutu!"

Wakacheka. Bibi Mwaija angeweza kunyamaza. Lakini alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye kazi ile, na hakuwa na kitu kingine cha kujivunia, shamba lake lilishabaki huko alikotolewa.

"Sikilizeni wote," akasema. "Hakuna kinywa kilichonishinda. Hiki kikinishinda, Wallahi, navua koti hili naenda kwa binti yangu Mnyuzi, na hapa hamnioni tena."

"Bibi, ni panya," akasema Mwenyekiti kwa sauti ndogo.

"Nimeshaapa, Ndugu Mwenyekiti. Mlaze hapa."

Akamlaza mapajani. Miguu ya Karani ilikuwa minne na Bibi alizoea miwili. Alipombana ya nyuma, ya mbele ilimpanda kifuani. Alipombana pua, Karani alifungua mdomo vizuri kabisa, akapokea dawa yote, akatulia. Bibi akampuliza usoni, puu. Karani akampigia chafya. Dawa yote ikarudi ilikotoka, ikamwingia Bibi machoni.

Jioni akaja Moringe mwenyewe, fimbo begani. Alikuwa amesikia.

"Shikamoo, mama. Mimi nanywesha ndama kila siku. Mnyama humnyweshi huku anakutazama. Mshike shingo, inua kichwa, chupa pembeni."

"Marahaba. Basi mshike wewe."

Moringe akamshika shingo. Panya buku ngozi yake ni pana kuliko mwili. Karani akageuka humohumo ndani ya ngozi yake, akamng'ata Moringe kidole. Moringe, ambaye aliwahi kusimama na simba, akaruka mpaka nje ya mlango.

"Huyo si ndama," akasema kutoka nje.

Siku ya pili Bibi Mwaija alitumia akili. Akasonga ugali laini, akautia karanga zilizotwangwa, akaumwagia dawa, akaviringa matonge matatu. Karani akanusa. Akachukua la kwanza, la pili, la tatu. Yakaingia yote. Zahanati nzima ikapiga vigelegele, Hamisa akabaki kujikuna shingo. Bibi akasema, "Kinywa ni kinywa," akaenda zake kunywa chai, ile ya kunywa.

Asubuhi ya tatu Mwenyekiti alikuja na sanduku la mafuta ya taa ambalo Karani alilala ndani yake. Akaliinamisha. Zikaanguka kalamu mbili, ufunguo wa stoo ya kijiji uliotafutwa tangu mfungo wa Ramadhani, beji moja, na matonge matatu ya ugali, mazima, hayajaguswa jino. Alikuwa ameyabeba mashavuni tu.

"Nani ameyala?" akauliza Hamisa. Safari hii watu hawakucheka sana, kwa sababu Karani alikuwa amelala ubavu, anapumua kwa shida, na Mwenyekiti alikuwa anatazama ukutani.

Bibi Mwaija akachovya vidole tena. Akakaa chini sakafuni. Akamimina kijiko cha mwisho, kwani kichupa kilibaki hicho tu, akasogeza polepole. Karani akarusha mguu mmoja, mnyonge. Kijiko kikapinduka. Dawa yote ikamwagikia manyoya ya kifuani.

Mwenyekiti akakigeuza kichupa juu chini; hakikutoa hata tone.

Basi Karani akainua kichwa. Panya buku hapendi uchafu. Akatazama kifua chake kilivyolowa, akaudhika, akaanza kujilamba. Akalamba kifua, akalamba mguu, akalamba vidole kimoja kimoja kama mtu aliyemaliza pilau, mpaka manyoya yakakauka. Dawa yote tumboni.

Mwenyekiti akapiga magoti. Jioni ile Karani alikula karanga mbili, na alfajiri akaiba kofia.

Kijiji kikafanya mkutano. Mwenyekiti akauliza mbele ya watu wote kama dawa ilinywewa au haikunywewa, maana Bibi alishaanza kufunga mizigo. Watu wakainua mikono: ilinywewa, Bibi ameshinda. Hamisa aliinua yote miwili.

"Bibi, mimi natania tu! Huyu wangu nani atamnywesha?"

"Imenywewa," akasema Bibi Mwaija. "Lakini kinywa hakikufunguliwa na mimi. Kimejifungulia chenyewe. Miaka kumi na tisa nabana pua za watu, sikujua kama kinajifungua."

"Tumepiga kura, Bibi," akasema Mwenyekiti. "Imeandikwa."

"Kura mmepiga nyie. Kiapo nimeapa mimi."

Akavua koti jeupe, akalikunja mara nne, akaliweka juu ya sanduku la Karani. Akamwambia Hamisa, "Wako mpake dawa mdomoni kidogo, umwache. Atalamba." Akajitwika mzigo wake, akashika njia ya Korogwe kutafuta gari la Mnyuzi. Watu walisimama mstari mmoja kama nyumba zao, wakidhani atageuka kwenye mkorosho wa mwisho, kwa kuwa kikombe chake cha vidole alikiacha mezani, chai bado ina moto. Karani alikata kifungo cha kwanza cha koti, akakitia shavuni.

Bibi Mwaija hakugeuka, wala hakurudi.