Chuma Kwangu, Mkanda kwa Assani

Kuna asubuhi moja ya msimu wa mavuno ambayo bado inanirudia, mwanangu, hasa tangu mjukuu wangu Zuhura aliponieleza jinsi kompyuta inavyoweza kukwama bila kuharibika. Nilikuwa kijana, nimetoka shule ya sekondari, na kazi yangu ilikuwa kukoboa mpunga nyuma ya soko la Kasongo. Kulikuwa na mashini mbili, moja yangu, nyingine ya rafiki yangu Assani, zote mali ya mfanyabiashara mmoja. Zilikuwa zimechakaa. Mkanda mzima, ule wa kuunganisha injini na mashini, ulibaki mmoja, na manivela, chuma cha kuzungushia injini mpaka iwake, nayo ilibaki moja. Ilibidi upate vyote viwili ndipo ukoboe. Ukimaliza watu wako, unavirudisha kwenye kisanduku, mwenzako anachukua.

Tulikwenda hivyo muda mrefu. Hakuna aliyetuambia tuanze kuchukua kipi, na sisi hatukuuliza.

Siku hiyo tulifika pamoja. Mimi nikashika manivela, Assani akashika mkanda, kisha kila mmoja akamnyooshea mwenzake mkono mtupu.

"Lete mukanda," nikamwambia.

"Lete manivela. Mi njo nilitangulia."

"Kutangulia wapi? Nani alifungua kisanduku?"

Nilikaa juu ya gunia, chuma mapajani. Assani alikaa upande wa pili, mkanda umemning'inia shingoni. Hatukutukanana, hatukupigana. Tulingoja tu, na kila mmoja aliamini anangoja kwa haki. Mwenye mashini alikuwa amekwenda Nyangwe, kwa hiyo hakukuwa na wa kutuamua.

Wanawake wakaanza kupanga mabeseni. Wa kwanza kwenye mstari wangu alikuwa shangazi yangu, Mama Feza. Kesho yake ilikuwa arobaini ya mumewe, na wageni walikuwa njiani kutoka Kabambare. Mpunga ule ndio pekee aliokuwa nao wa kuwapikia, nao ulikuwa mwingi mno kuutwanga kwa mkono na kuumaliza.

"Amuri, hii chuma utaioa?" mwanamke mmoja akauliza.

"Aioe na nini?" mwenzake akamjibu. "Mahari iko kwa Assani!"

Wakacheka. Hata mimi nilicheka, lakini sikuachia.

Alasiri mvua ilishuka kwa ghafla. Bati la kibanda lilikuwa linavuja, na turubai hazikutosha. Mama Feza alivua kitenge chake cha juu akafunika beseni, maji yakapita vilevile. Mpunga ukishalowa haukoboleki vizuri, unapondeka na kushika harufu. Alinitazama, wala hakupaza sauti.

"Weye iko na chuma," alisema. "Assani iko na mukanda. Mi niko na wageni."

Kesho yake watu walikula bugali wa muhogo kwenye arobaini ya mtu aliyelima mpunga maisha yake yote. Nilikula nao, macho chini. Shangazi aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakunikumbusha hata mara moja. Mimi nami sikumwomba msamaha, kila mara nikidhani bado kuna wakati.

Sasa, Zuhura anasomea kompyuta. Alikuja likizo na programu aliyoiandikia zahanati, ya kutunza hesabu ya dawa, nayo ilikuwa inaganda. Mimi kompyuta siijui, nikamsogelea na maswali. Akanieleza kwamba ndani ya programu moja kuna kazi kadhaa zinazokwenda kwa wakati mmoja, na wenye fani wanaziita nyuzi. Uzi mmoja unatoa dawa kwa mgonjwa, mwingine unapokea dawa mpya. Kitu zinachokitumia zote kinafungwa kwa kufuli, ili mmoja ukigusa, mwingine usubiri.

"Na bila kufuli?"

"Sanduku la mwisho la dawa litatolewa kwa wagonjwa wawili, babu. Mmoja atarudi bure."

"Sasa imegandia wapi?"

"Uzi huu ulifunga hesabu ya dawa, unataka faili ya mgonjwa. Ule ulifunga faili, unataka hesabu."

"Na zinangoja mpaka lini?"

"Mpaka uizime."

"Hazichoki? Hazioni aibu?"

"Hazioni, babu. Aibu ni yetu sisi."

Ndipo nilipomsimulia habari ya Mama Feza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza jambo ambalo miaka yote hii sikuwahi kujiuliza: "Injini ikishawaka, chuma kilikuwa cha kazi gani?"

Hakikuwa cha kazi yoyote. Siku zote za kazi nilikuwa nakichomeka kiunoni kutwa nzima.

Nami nikamuuliza: "Na uzi ukifa umeshika kufuli?"

"Hapo njo kubaya zaidi. Kufuli inabaki kwa maiti." Kwa hiyo, akasema, anaandika kufuli inayojifungua yenyewe kazi inapotoka, iwe imemalizika vizuri au imekatika kwa kosa.

Basi, mwanangu unayeandika programu, nakuachia niliyoyapata kwa kuchelewa. Kabla hujaanza, amua kipi kinashikwa kwanza, na nyuzi zako zote zifuate mpango huohuo. Kama mimi na Assani tungekubaliana manivela kwanza, mmoja wetu angekosa mapema, angekaa mikono mitupu, na mwenzake angekoboa. Ukikosa cha pili, rudisha cha kwanza, upumue, ujaribu tena. Usishike kitu baada ya kazi yake kuisha. Usikiache mikononi mwa kazi iliyokufa. Na kile ambacho kila uzi unaweza kupewa chake, upe, usizigombanishe bure. Zaidi ya yote, unapokaa kuhesabu nani ana haki ya kushika, inua macho utazame nani anasubiri nyuma yenu, maana yeye hajui kufuli wala uzi, amekuja na shida yake tu.

Mungu akupe akili ya kupanga na wepesi wa kuachia. Akukutanishe na wenzako wa kazi mnaosikilizana, na kila anayeutegemea mkono wako arudi kwake na alichokijia. Amina.