Nyoosha Vidole

Usinibishie habari ya saizi ya buti. Namba iliyogongwa kwenye soli ni porojo. Mguu ndio unaosema kweli. Miaka ile ya sabini, wanajeshi wakiwa wameshika nchi, nilikuwa nashona viatu Kawempe, na askari waliniletea mabuti waliyogawiwa bila kupimwa. Mwenye mguu wa nane alipewa tisa, akaambiwa ashukuru. Mimi nilimtilia soli ya ndani ya ngozi ya mbuzi, buti likamkaa.

Kuvaa nako kulikuwa na darasa lake. Watu hukunja mguu wakausukuma, halafu wanamlaumu fundi. "Nyoosha vidole," nilikuwa nawaambia, "kisigino kitashuka chenyewe." Jirani yangu muuza nyama aliponunua gambuti za kuoshea bucha, nilimhubiria hivyo hivyo mpaka akachoka. Kila asubuhi akifungua duka alinipigia kelele, "Fundi, nimenyoosha!" nami namjibu, "Nyoosha na mizani yako basi, mwizi we!" Tulipendana sana.

Siku moja, kama saa nne asubuhi, gari la jeshi lilisimama mbele yetu. Sajini akashuka na buti moja lenye tope. Mwenye buti, alisema, alitoroka kwenye kizuizi cha barabarani, likamvuka mguuni kinamasini, na amejificha mtaa huu huu.

"Wewe fundi, hii buti ya nani?"

Nikatia mkono ndani. Vidole vikagusa ngozi ya mbuzi na mshono wangu mwenyewe. Nilimjua: koplo mmoja kutoka kaskazini, amepanga chumba nyuma ya msikiti na mkewe mjamzito. Watu wa kwao walikuwa wakichukuliwa, hawaonekani tena.

"Simjui, afande. Na hii imeoza kwa maji," nikasema, nikaing'oa ile soli na kuitupa kwenye kikapu cha vipande. Nikajiona mjanja. Sasa lilikuwa buti la namba tisa tu, la mtu yeyote.

"Sawa," akasema sajini. "Kila mwanaume hapa atavaa. Ile mguu itaingia, tunaenda na yeye. Anza wewe."

Mguu wangu ni tisa. Ya Rabi, mguu wangu ni tisa! Na wa muuza nyama pia.

Nikakaa kwenye kigoda, nikafanya kinyume cha yote niliyofundisha. Nikavuta vidole juu kuelekea ugoko, nikakaza kifundo, nikasukuma kwa kisigino. Askari mmoja akanisaidia kwa kitako cha bunduki gotini. Nililia, na kilio hakikuwa cha kuigiza. Kisigino kikakwama shingoni mwa buti.

"Si huyu," akasema sajini, akaenda mlango wa pili.

Muuza nyama alitoka akijifuta mikono, akaketi, akavua gambuti. Hakuwa na la kuficha. Alitaka yaishe haraka, wateja wanamngoja. Nilimtolea macho, nikakunja vidole vya mkono mbele ya kifua apate kuelewa. Akanikonyeza tu, kama kusema usijali, somo nalikumbuka.

Akanyoosha vidole. Kisigino kikashuka chenyewe.

"Banange, jamani, si yangu!" alipiga kelele walipomkokota. "Fundi, waambie!"

Sikuwaambia. Ile soli ilikuwa kikapuni, hatua mbili kutoka nilipokaa. Ningeirudisha ndani, buti lisingemwingia. Lakini wangeniuliza niliishonea nani. Niliogopa, na woga wangu nausema hivi hivi ulivyo. Gari likaondoka naye, peku.

Koplo alivuka mpaka salama; nilisikia baadaye. Muuza nyama hatukumwona tena. Miezi ikapita, mkewe akaja kibandani kwangu na zile gambuti, amezisugua zikang'aa.

"Zivae wewe, fundi," akaniambia. "Alikuwa akisema mna mguu mmoja."