Muthokoi wa Jirani Aliyejifungua

Wiki jana, rafiki yangu, nilifungua gunia moja la mahindi kutoka lori lililoegeshwa nje ya ghala la hapa Machakos ninakopima nafaka, nikanusa ukungu. Mashine ya kupimia ilikuwa bado haijasema lolote. Mimi nilikuwa nishajua, maana harufu ile niliijua nikiwa na miaka tisa, huko Katangi, kwa nyanya yangu.

Mwaka huo mvua ilitukuta mahindi yakiwa yameanikwa uani. Nyanya akaniketisha mkekani niyachambue: mazuri huku, yenye ukungu kule. Ya kule yalikuwa ya kufukiwa shimoni, hata kuku wasipewe. Jirani yetu alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na kwetu mzazi hupikiwa na majirani kwa zamu. Zamu yetu nyanya aliahidi muthokoi, mahindi yaliyotwangwa yakatolewa maganda. Sasa mimi, sitaki kujipamba, nilikuwa mvivu wa kutupwa. Tena nilikuwa nimegundua jambo ambalo hakuna aliyenifundisha: ukitia maji kidogo kinuni ukatwanga, ukungu hutoka pamoja na makapi, na punje mbovu hubaki nyeupe kama nzuri. Nikamimina zote kinuni, nzuri na mbovu, nikatwanga. Nyanya akazipeta, akanisifu, akapika na maharagwe, akaiombea sufuria na kuipeleka.

Alipotoka tu ndipo hofu iliponishika. Nikakaa jikoni nikimsikiliza yule mtoto mchanga ng'ambo ya ua. Akilia, najiambia sumu imeshamfikia. Akinyamaza, ndiyo mbaya zaidi, maana najiambia ameshanyonya, basi nimemuua. Nyanya aliporudi nikamwambia yote. Sikuchapwa. Alinishika kifundo cha mkono, tukapenya uani, na mama yule tukamkuta na kijiko mkononi.

“Weka chini hiyo kijiko,” nyanya akamwambia. “Huyu ako na neno.”

Nililisema mwenyewe. Kisha nyanya, mwanamke aliyeongoza sala za kina mama kanisani, akasema jambo nisilolitarajia: “Mimi ndio niliombea hiyo chakula. Niliomba kabla ya kuangalia. Makosa ni yangu pia.”

Mama alikuwa amekula vijiko viwili. Juma zima nilikuwa nikiamka kulipokucha na kwenda kusikiliza kama mtoto analia. Alilia, Mungu ni mwema, akakua, na leo ana watoto wake.

Basi turudi kwenye lile lori. Mashine ilisoma sumukuvu, ile sumu ya ukungu, tena nyingi, na mzigo wote ulikuwa unakwenda kwa chakula cha shule. Mkubwa wangu kazini ni mzee wa kanisa, hafungui mkutano bila sala, na hata siku hiyo aliniombea hekima kwanza. Halafu akaniambia kwa upole, “Si uchanganye na ile safi, upime tena? Itasoma poa. Ama unataka watoto walale njaa?”

Nitakuwa mwongo nikikwambia nilisimama imara. Nina karo ya kulipa na mama mgonjwa, na nilijua shule nyingine kweli hazina kitu sufuriani. Nikaomba kimoyomoyo, lakini nikaiangalia tena ile namba. Nikaandika kwamba mahindi yasiliwe, nikatia sahihi, na mwandiko wenyewe ungedhani ni wa mtoto wa chekechea.

Nyanya alishatutoka, na majirani wa kupikiana kwa zamu nao wametawanyika, wengine wako Syokimau, karibu na Nairobi, kwenye nyumba za geti. Zamani aliyekula kazi ya mikono yako ulimjua, na ukikosea ulikuwa na mtu wa kukushika mkono mwende pamoja mkaseme. Hawa watoto wa shule mimi siwajui hata mmoja. Ofisini hakuna anayenisalimu tena.

Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi. Lori bado limeegeshwa nje, magunia yote juu, na mwenye nalo hana haraka, anangoja mpimaji atakayenifuata.