Nilipika vipimo vya kiu ya miti Riyadh, akafukuzwa mzee wa watu

Wakuu, amani kwenu. Nimeficha jina langu tu, mengine yote ni kweli tupu. Sijaja kujisifu.

Mimi ni Mtanzania, niko Riyadh kwa mkataba. Kazi yangu ni kupima stress ya miti, yaani kiu yake.

Kampuni ilipanda shamba la majaribio la mialoni, ile isiyopukutisha majani mwaka mzima, waone kama itahimili majira ya huku.

Kupima si kazi ngumu. Unakata kijitawi, unakibana kwenye mashine, unapandisha presha mpaka maji yachomoze pale ulipokata. Presha ikiwa kubwa, ujue mti una kiu kali.

Machi nilikuwa mchapakazi kwelikweli. Julai ikanishinda.

Wakuu, jua la huku lisikieni hivyohivyo. Chuma cha mashine kinaunguza vidole hata kabla ya saa sita. Nikawa nakaa kwenye gari, AC full, nachukua namba za Machi, nazibadilisha kidogo, natuma ofisi ya Jeddah.

Siku moja mtunza bustani wetu, mzee Idris, Msudani anayekaa mtaa wa Manfuha, akaja kugonga kioo.

"Muhandisi, miti imechoka. Majani yanajikunja."

Nikashusha kioo nusu. "Mafi mushkila, hakuna shida, mzee. Vipimo viko sawa."

Jeddah kuona namba nzuri, wakaagiza maji yapunguzwe. Idris akatii. Kufika Septemba, zaidi ya nusu ya miti ilikuwa kuni.

Nikaitwa kikaoni Jeddah. Meneja akasema, "Vipimo vinaonyesha miti ilikuwa mizima. Basi huyo mzee alifunga maji kabisa."

Nilikuwa mezani, wakuu. Nikainamia kikombe changu cha chai.

Idris akapewa exit, yaani kazi basi, arudi kwao Sudan.

Wiki iliyofuata akanipigia dada Zuhura, Mzanzibari anayechambua data kule Jeddah. "Kaka yangu, hebu nambie. Miti gani hii, kiu yake ya Agosti ni ileile ya Machi?"

Nikaanza kusingizia mashine. Akaanza kunisomea namba zangu, moja baada ya nyingine. Nikashindwa kuendelea, nikamweleza yote, kisha nikamwandikia bosi.

Nikakimbilia Manfuha. Wenzake Idris wakaniambia, "Halas, imekwisha, kasafiri kwao juzi." Wakanipa namba yake.

Nikampigia, nikakiri huku nalia. Mzee akauliza, "Iliyobaki, kuna mtu anaimwagilia?"

Hakunitukana. Bora angenitukana.

Mkataba wangu hautaongezwa, na ni haki. Kampuni imeahidi kumrudisha Idris, ila visa yake bado haijatoka. Kwa sasa mipira ya maji naburuta mimi.

Nilichojifunza: nilidhani nadanganya karatasi, kumbe nilikuwa namshitaki mtu.

Mwenye matusi ayalete, nayastahili. Ila aliyewahi kumponza mwenzake kazini, tafadhali aniambie: ulimtazamaje usoni mlipokutana tena?