Maboksi Kumi na Manne ya Katembo

Katembo hakuwa mwendawazimu, ingawa hapo Doonside, kitongoji cha Sydney, Australia, wako waliosema hivyo huku wakila ugali wake. Mchana alipanga mizigo ghalani; akirudi, alitunga kamusi ya Kiingereza na Kinande, lugha ya kwao Butembo, Kongo. Miaka kumi na tisa, jamani!

Aliianza katika kambi ya wakimbizi Uganda, kwenye madaftari. Alipofika Sydney akasoma, maktabani Merrylands, jinsi Waingereza walivyoipata kamusi yao kubwa. Zamani walikuwa na vijitabu vya maneno magumu tu. Baadaye wakaomba watu wa kila pembe wawaletee vikaratasi, neno moja karatasi moja, pamoja na mfano wake. Vikaja mamilioni, na kazi ikala miaka sabini hivi. Walioianza walikufa haijaisha. Habari hiyo ilimwingia Katembo mpaka mifupani. Akayakatakata madaftari yake yote, kila neno na kikaratasi chake, akavipanga katika maboksi ya viatu. Divine, binti yake, alimsihi avipige picha. Yeye akasema wikendi, wikendi.

Maneno aliyachota kwa mama yake, bibi yake Divine, aliyebaki Butembo, kila Jumapili, kwa simu. "Mama, ile mvua ya jua likiwaka mnaiitaje?" Bibi alicheka, akaitaja, akaongeza na mvua nyingine tatu ambazo mwanawe hakuwahi kusikia majina yake. Mwezi wa tatu bibi akafariki. Tangu hapo ukiyagusa yale maboksi, ole wako.

Basi ikaja barua ya ajenti wa nyumba: Alhamisi kuna ukaguzi, ukumbini kusiwe na kitu. Aksanti, mke wa Katembo, wa kabila la Washi kutoka Bukavu, aliingiwa na hofu, maana kupata nyumba Sydney si mchezo. Asubuhi ya Alhamisi, mumewe yuko kazini, akachungulia nje. Lo! Majirani wote wametoa makochi na magodoro barabarani. "Kumbe na wao wanakaguliwa," akajisemea. Kambini ndivyo walivyofanya siku ya wakubwa kupita: vitu vyote nje, jioni unarudisha. Naye akayatoa ukumbini maboksi yote kumi na manne, akayapanga vizuri kwenye nyasi, akayafunika kitenge.

Ajenti alikuja, akasifu usafi, akaondoka. Aksanti kutoka nje, nyasi tupu! Siku ile ilikuwa ya lori la kaunsili, yaani halmashauri ya mji, kuzoa vitu vinavyotupwa, na majirani walikuwa wanatupa.

Haukupita muda, Katembo akarudi kutoka kazini, akamkuta ameketi chini, kitenge hana, maboksi hana. Akamweleza bila kuficha hata neno. Katembo alitimua mbio na viatu vyake vizito vya kazi. Alilipata lori mtaa wa tatu, likitafuna godoro. Akadandia nyuma, akaingiza mkono mpaka begani, akipiga kelele kwa Kinande. Dereva akamvuta kwa mkanda. "Sorry, mate," alisema, na kweli alisikitika. Vilivyomo vilikuwa vimeshasagwa na kulowa rangi ya ukuta aliyoitupa jirani. Katembo alilia pale pale barabarani, mwanaume mzima, wala hakuona haya.

Nyumbani Aksanti alipiga magoti. "Papa Divine, nitukane, nipige, lakini usinyamaze hivi."

"Inuka, mama," alisema, basi.

Divine akaleta daftari jipya, akampa kalamu. "Dad, just write it again. You know it all."

Akajaribu. Yalikuja maneno ya sokoni, ya shambani, ya jikoni, kurasa sita bila kusimama. Halafu kalamu ikagoma.

"Ninayoyakumbuka ni yale niliyoyajua tangu mwanzo," alimwambia binti yake. "Yale ya bibi yako sikuyajua, mwanangu. Ndiyo maana niliyaandika."

Divine akalivuta daftari taratibu, akalifunga.