Ngitili ya Mzee Mabula

Waliomjua Scolastika tangu utotoni pale Samuye watakuapia kwamba hakuwa mwongo. Alikuwa na haraka tu, na kazi yake ilipenda watu wenye haraka. Shirika lililomwajiri Shinyanga mjini lilimpa wiki mbili aandike mradi wa kupanda miti, na fomu ya wafadhili ilitaka kila kipande cha ardhi kiwe na fungu lake: shamba, msitu, makazi, au ardhi isiyotumika.

Sasa ngitili utaiweka wapi? Fomu ilitungwa na watu wasiojua kwamba Msukuma hutenga majani yake masika yote, haingizi hata ndama, ili mifugo ipate cha kula kiangazi kikikaza. Mpita njia huona pori limelala bure. Lakini Scolastika hakuwa mpita njia. Ngitili ile ilikuwa ya baba yake mkubwa, mzee Mabula, aliyemlea baada ya baba yake kufariki, na ng'ombe walionenepea humo ndio waliouzwa yeye akasoma hadi chuo kikuu. Alijiambia atarekebisha baadaye, akatia alama kwenye "ardhi isiyotumika". Mradi ukapita, akapewa umeneja.

Hakurekebisha. Seng'enge ikazungushwa, miche ikapandwa, lango likatiwa kufuli. Mzee alipouliza, vibarua walimwambia asubiri wakubwa waje. Akasubiri bila kinyongo, maana mkubwa mmojawapo alikuwa mwanawe.

Mwezi wa tisa akaja mgeni wa wafadhili kutoka ng'ambo kukagua miche. Yeye na Scolastika, aliyekuwa mkalimani wake, walimkuta mzee Mabula langoni na fimbo yake, ng'ombe nyuma yake mbavu zinahesabika. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi dukani, kwa hiyo alisema Kisukuma, polepole, akimtazama mgeni usoni.

"Mwulize nani aliwaambia hapa hapana mwenyewe. Na umwambie ng'ombe hawa hawatafika mvua za kwanza. Nawaomba wafungue, hata upande mmoja."

Mgeni akamgeukia Scolastika kungoja tafsiri. Kiingereza cha kusema yote yale alikuwa nacho, hata cha kubakiza. Tena mzee alikuwa amemaliza, ametulia, anamwamini. Lakini jibu la swali lile lilikuwa jina lake mwenyewe.

"Anasema karibuni sana," akatafsiri, "na anawashukuru kwa miti."

Mgeni alifurahi mno. Akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili, akaitikia kwa kichwa mara tatu, nne. Uso wa mzee ukakunjuka. Aliagiza nyumbani, akaletewa kibuyu cha maziwa ya mgando, akakipeleka mwenyewe hadi kwenye gari.

"Asante kwa kunisemea, mwanangu," alisema. "Nilijua ukiwepo wewe huko, sina haja ya kuhangaika."

Scolastika aliona aibu, ile ya kutamani ardhi ipasuke immeze. Alipokea kibuyu kwa mikono miwili huku amepiga goti, kama alivyofundishwa katika nyumba ya mzee huyo huyo. Kilikuwa chepesi, maziwa hayakufika hata nusu. Alitaka kusema, akasema shikamoo, salamu aliyokwisha kuitoa asubuhi.

Gari lilipoondoka, mzee Mabula alikuwa amewasogeza ng'ombe wake hadi langoni, akakaa chini kungoja lifunguliwe.